Kopo la Kaka wa Uzi

MADHURA: Haloo? Nani mwenzangu?

SHARVARI: Dada, ni mimi.

MADHURA: Mimi nani? Wanaoitwa mimi ni wengi.

SHARVARI: Sharvari. Mdogo wako. Au samaki wa huko pwani wameshakusahaulisha watu wa Satara?

MADHURA: Sharu? Mbona namba hii— ngoja, nipande darini, huku chini mtandao umekufa. [Vishindo vya ngazi. Mvua.] Haya. Niko kando ya tangi la maji, nimejifunika beseni kichwani kama kichaa. Mama mzima?

SHARVARI: Mzima wa kutukana. Naongea kwa simu ya Shangazi Shevanta, yule wa chai pale geti la uwanja. Yangu Mama kaificha.

MADHURA: Kaificha kwa nini, umepata mchumba?

SHARVARI: Ili kengele isiniamshe alfajiri. Hataki nikimbie tena.

MADHURA: Na mtihani wa kuingia polisi?

SHARVARI: Mwezi ujao. Wanaanza na mbio, karatasi baadaye. Na mwakani umri wangu hauruhusu, Dada. Nikikosa huu, ni kukaa jikoni kuchambua dengu mpaka waje kuniposa.

MADHURA: Sasa anakataza nini huyu mama—

SHARVARI: Niambie kwanza. Wewe ulikuwa unakimbia barabara ya ngome peke yako. Mkononi ulikuwa unabeba nini?

MADHURA: Kubeba?

SHARVARI: Cha kujikingia.

MADHURA: Kuna mtu?

SHARVARI: Kuna kitu. Mtu sijui kama ni mtu. Ana skuta. Nikianza kushuka kutoka ngomeni, anazima injini, anaiacha iteleze nyuma yangu. Husikii chochote ila matairi kwenye maji. Halafu anakohoa. Si kikohozi cha ugonjwa, cha kukuambia nipo. Halafu anatema tambuu, pwaa, pale pale ninapotaka kukanyaga. Viatu vyangu vyeupe, Dada. Nimevisugua kwa mswaki, bado vina rangi ya mate yake.

MADHURA: Amekugusa?

SHARVARI: Nakuuliza habari ya vifaa.

MADHURA: Haya. Vifaa.

SHARVARI: Nilianza na pilipili ya unga ya Mama, nikaifunga kwenye kipande cha gazeti. Na mvua hii ya Agosti. Kufika juu imeshakuwa mchuzi kiganjani, na mimi nikajifuta jasho—

MADHURA: Usoni.

SHARVARI: Machoni. Nikamaliza mbio nikiongozwa na mbwa.

MADHURA: [anacheka] Mshamba wewe.

SHARVARI: Nikanunua filimbi. Siku aliponisogelea sana nikaipuliza, mara tatu, kwa pumzi yangu yote. Dirisha la Mama Kulkarni pale konani likafunguka. Nikasema, Mungu mkubwa. Unajua alisema nini? "Imeshalia tatu, zima jiko." Akafunga dirisha. Saa zile kila nyumba sufuria ya presha inapiga filimbi, nani atajua ipi dengu, ipi Sharvari?

MADHURA: [anacheka, anaacha] Hukumwambia Mama?

SHARVARI: Ndipo nilipojiharibia. Nilimwambia. Nikamtaja mtu kwa jina. Mama akatikisa kichwa, akasema watu wazima hawaendi kugombana mlangoni mwa jirani, kuna njia ya heshima. Ilikuwa bado siku mbili tu sikukuu ya rakhi ifike, ya dada kumfunga kaka uzi mkononi.

MADHURA: Usiniambie.

SHARVARI: Akamwalika.

MADHURA: Sharu, usiniambie.

SHARVARI: Akaja ameoga, kapaka mafuta nywele mpaka yanamtiririka shingoni. Kaketishwa kwenye kiti cha Baba. Mimi nimevishwa sari ya kijani. "Mfunge uzi, mwanangu, ukishamfunga ni kaka yako, na kaka hawezi kukutazama vibaya." Nikamfunga. Mkono una manyoya, una joto, unanuka tambuu. Halafu ikaja ile ya kumlisha utamu. Kipande cha halua ya maziwa, kwa vidole vyangu hivi, kinywani mwake. Akanilamba vidole, Dada. Mbele ya Mama. Taratibu, kama mtoto anayemaliza sahani.

MADHURA: Ptuu.

SHARVARI: Na Mama anatabasamu. Nimenawa kwa sabuni ya kufulia, nimenawa kwa jivu, nimekata kucha. Bado nikila nausikia ulimi kwenye tonge langu. Juzi nilikula kwa kijiko, Mama akaniuliza kama nimekuwa mzungu.

MADHURA: [sauti inakatika] ...upuuzi gani... Haloo?

SHARVARI: Nipo. Kuna zawadi. Kaka akifungwa uzi lazima atoe zawadi. Kaleta kiboksi cha karatasi ya maua. Nafungua, kopo la pilipili ya kupuliza. Lile lenye kamba ya kuvaa kiganjani. Akasema mbele ya wote, "Dunia imeharibika, dada yangu, usikimbie mikono mitupu." Majirani wakapiga makofi.

MADHURA: Yeye. Amekupa. Kopo.

SHARVARI: Na tangu hapo hajifichi tena. Yuko ubavuni kabisa na skuta yake, eti ulinzi. Watu wanampungia mkono. Mama Kulkarni kasema angepata kaka kama yule angemwekea picha ukutani. Nimemwambia Mama hali imezidi, kasema, "Umeshamfunga uzi, unataka nini tena? Ni akili yako chafu." Kaficha simu.

MADHURA: Hilo kopo liko wapi?

SHARVARI: Mfukoni hapa. Ndilo nililotaka kukuuliza. Nalichukia, lakini ndilo pekee nililonalo. Hivi nikibeba kitu chake—

MADHURA: Umelijaribu?

SHARVARI: Kulijaribu vipi?

MADHURA: Kitu cha kujikingia hukibebi kama hirizi. Unakijaribu kwanza. Toka hapo kwenye chai ya watu, angalia upepo unakokwenda, nyoosha mkono, bonyeza kuelekea mtaroni.

SHARVARI: Sasa hivi?

MADHURA: Sasa hivi.

SHARVARI: [pembeni] Shangazi, dakika moja tu, narudi. Sikimbii na simu yako, nikimbie niende wapi? [Nyayo kwenye maji.] Haya. Nimefungua kifuniko. Upepo unakwenda huko. Nabonyeza. [Fss.] Imetoa... ngoja. [Fss. Fss.]

MADHURA: Imetoa nini?

SHARVARI: Hewa.

MADHURA: Bonyeza tena.

SHARVARI: Nabonyeza, Dada, ni hewa tu. Nimejipulizia kidole, nimekilamba. Hamna kitu. Na huku kwenye shingo ya kopo kuna... kuna madoa mekundu, yamekauka. Lilishatumika. Kalimaliza lote, kalifuta, kalifunga karatasi ya maua.

MADHURA: [Beseni linaanguka sakafuni.]

SHARVARI: Dada?

MADHURA: Hemant.

SHARVARI: Sijakutajia jina.

MADHURA: Hukunitajia.

SHARVARI: Umejuaje?

MADHURA: Mimi alinipa tochi.

SHARVARI: Tochi?

MADHURA: Nami nilikuwa nashuka alfajiri, giza. Na mimi nilimwambia Mama. Na mimi nilivishwa sari, ya njano. "Usikimbie gizani, dada yangu." Nikaifunga kiunoni, nikajiona mtu anayelindwa. Nilipofika kwenye kona ya mkwaju nikasikia yale matairi. Nikaiwasha.

SHARVARI: Ikawaka?

MADHURA: Haikuwa na betri.

SHARVARI: [Mtandao unakwaruza.] Na mwezi uliofuata ukaolewa.

MADHURA: Mwezi uliofuata nikaolewa.

SHARVARI: Mimi nilidhani ulichoka kukimbia. Mama alisema umechoka. Alisema wasichana wakipevuka wanachoka wenyewe.

MADHURA: Mama husema mengi.

SHARVARI: Alijua?

MADHURA: Nani alishika sinia ya uzi siku yako?

SHARVARI: Mama.

MADHURA: Basi ndiye aliyeshika na yangu. Nisikilize. Hilo kopo usilitupe, litunze kama lilivyo. Shuka stendi, duka la vifaa vya michezo, nunua jipya mwenyewe, kwa mkono wako, lijaribu palepale nje. Kamba kiganjani, kidole juu ya kitufe, si mfukoni, si ndani ya begi lenye zipu. Ukisikia matairi, usikimbie mbele. Geuka. Yeye amezoea visogo.

SHARVARI: Na kesho alfajiri?

MADHURA: Kesho alfajiri hutoki peke yako.

SHARVARI: Na wewe pia unanikataza.

MADHURA: Nakuambia unisubiri, kichwa maji. Kuna basi la jioni linalopanda huko.

SHARVARI: Na shemeji?

MADHURA: Shemeji yako ana mikono, na chungu kina wali.

SHARVARI: Dada, una miaka sita hujakimbia. Utatema mapafu kabla ya kufika hekalu la njiani.

MADHURA: Nitayatema. Na yeye aone mate yanavyotemwa. Viatu vyangu viko nyuma ya pipa la mtama, vitoe, viweke mlangoni. Kama panya wamezaa humo, wahamishe.

SHARVARI: Mama atauliza.

MADHURA: Avikute hapo, aulize asiulize. Nikifika nitamjibu mwenyewe, ana kwa ana, tena sijui nitaanzia wapi.

SHARVARI: [pembeni] Nakuja, Shangazi, nakuja— anataka simu yake, wateja wanalipia chai kwa simu na yeye hajui nani kalipa, nani kamdanganya. Lakini wewe hukunijibu. Mkononi utabeba nini?

MADHURA: Ninayo ile tochi.

SHARVARI: Ile ile?

MADHURA: Nimehama nayo, iko chini ya mchele. Sikuwahi kujua nailinda kwa nini.

SHARVARI: Dada, tochi yenyewe haiwaki.

MADHURA: Haiwaki. Lakini ni ya chuma, Sharu, tena nzi—

SHARVARI: Haloo? Dada? [pembeni] Chukua, Shangazi. Umeikata mwenyewe kwa kidole. Hapana, hakuna aliyekufa. Niwekee chai mbili za alfajiri, mtu wangu anakuja.