Kambwa ka Salon na Swali la Directrice

Ndugu zangu katika Bwana, nawasalimu nyote, pamoja na ninyi wa benchi la nyuma ambao mmeanza kucheka kabla sijafungua kinywa. Chekeni tu. Najua mnaona nini: mzee mwenye mwili kama gunia la mihogo, dereva wa lori aliyestaafu, amesimama mbele ya kanisa na kikapu, na ndani ya kikapu mna mbwa ambaye hajazi hata kofia yangu. Pasta ameniruhusu kwa sharti kwamba asibweke. Hatabweka. Ana adabu kuliko baadhi yetu.

Kwa wasionijua, mimi ni Mugisho wa Bagira, na nimesimama kumshukuru Mungu kwa sababu alinitoa mahali ambapo mimi mwenyewe sikutaka kutoka.

Wengi mlimfahamu mke wangu Nabintu, aliyeimba sauti ya pili katika kwaya hii. Alikuwa fundi cherehani. Mimi niliendesha lori la chai miaka yangu yote ya nguvu, kuteremka hadi Uvira na kupanda tena, na popote nilipolala njiani nilijua kuna taa inayowashwa Bagira kwa ajili yangu. Nilipostaafu tukasema sasa tutakaa pamoja. Akaugua wakati wa mvua, tukamzika kabla mvua hazijakatika.

Ndugu zangu, nyumba ya vyumba viwili ikawa kubwa kunishinda. Nilipika, nikaitazama sahani, nikawamwagia kuku wa jirani. Suruali zikaanza kunipwaya. Siku za salongo, ile kazi ya pamoja ya mtaa, wenzangu wakifyeka majani ya barabara, mimi nilisimama na jembe tu, mpaka kiongozi wa mtaa akanihurumia akanirudisha nyumbani. Kanisani nikaacha kuja. Nikijaribu kusali nilitamka “Baba,” kisha nikakwama hapo hapo. Nawaambia wazi: nilikuwa ninangojea kufa, tena bila haraka wala woga, kama vile nilivyozoea kungojea lori lipakiwe.

Wazee wa kanisa walinijia na jina la mjane mmoja wa Kadutu. Niliwapa chai, nikawashukuru, nikawasindikiza. Walikuwa na nia njema na siwalaumu, ingawa mmoja alikunywa vikombe vitatu. Binti yangu Furaha, muuguzi katika dispensaire, ndiye aliyesema neno lililoniingia.

“Papa, unaisha,” akaniambia. “Tafuta hata kitu moja ya kukungojea mu nyumba.”

Hapo nikakumbuka. Zamani Nabintu alishona mapazia ya nyumba za wageni kule Nguba, kando ya ziwa, na alirudi akinisimulia habari za mbwa mweupe wa Wagiriki fulani, mdogo kuliko paka, anayelala juu ya mto kama askofu. Alimwita kambwa ka salon, yaani mbwa wa kukaa sebuleni. “Ukistaafu, tutachunga kamoja,” alikuwa akisema, nami nilikuwa nikicheka, maana kwetu mbwa analala nje, anakula makombo na kufukuza wezi. Sasa nikaona heri nikitafute kile alichokitamani, ingawa yeye hayupo wa kukipokea. Huzuni ina akili zake.

Nikapanda Kadutu. Sokoni nikamuuliza mtu, naye akamwita mwingine, na mwishowe akaja bwana mmoja wa makamo, abacost yake, ile suti isiyovaliwa tai, imepigwa pasi, mkononi ana mfuko. Nikamwambia, “Minatafuta kambwa kadogo.”

Ndugu zangu, lisikilizeni neno hilo, kwa sababu ndilo lililoniangusha. Kadogo. Mimi nilitaka mbwa wa aina ndogo, ambaye hata akizeeka atabaki mdogo. Yeye alisikia kadogo wa umri, na mpaka leo sijui kama alikosea au alinielewa vizuri mno. Akafungua mfuko. Ndani mlikuwa na kitu cheusi kinachotetemeka, macho ndiyo kwanza yamefunguka.

“Iko kadogo kabisa, tonton,” akasema. “Kushinda zote.”

“Haitakomea?” nikauliza, nikiogopa asije akakua.

“Ikomee iende wapi?”

Nikacheka, na mtu akishakuchekesha huwi tena na macho makali. Nikamuuliza mama yake yuko wapi. Yuko Bujumbura, akasema. Tulipokuwa tunaagana akasema mama yake, masikini, alikufa akizaa. Nikayasikia yote mawili na nikayaamini yote mawili. Yeye hakuniuliza jina langu, wala ninakokaa, wala mbwa atalala wapi na atakula nini. Kitu pekee alichotaka kukijua kilikuwa mfukoni mwangu. Akaingia katikati ya watu, nami sikumwona tena.

Nyumbani nikamwekea maziwa kwenye kisahani. Akaingiza pua, akapiga chafya. Hakujua kunywa, alikuwa bado wa kunyonya. Nikajaribu kijiko, nikajaribu kidole, nikamwita kwa majina yote ya upole ninayoyajua. Asubuhi alikuwa amelegea, ufizi umepauka, hata kulia ameacha. Nikamweka kifuani ndani ya koti na kwa mara ya kwanza tangu mazishi nikahisi hofu. Furaha alipopita akielekea kazini, akamgusa, akasema tusimame mara moja, twende Nguba kwa directrice.

Huyo directrice ni Maman Cibalonza, aliyeongoza shule ya msingi kwa muda mrefu. Kila mtu wa umri wa Furaha katika mji huu aliwahi kumwogopa. Wageni walipoondoka, maduka yao yalipopewa wananchi, wale Wagiriki wa Nabintu walikuwa jirani zake, wakamwachia mbwa wao wawili, dume na jike. Naye mweupe aliyelala kama askofu alikuwa mmojawapo. Tangu hapo directrice amewatunza wao na watoto wao na wajukuu wao, na hampi mtu mbwa kabla hajamchambua.

Alitufungulia, akatazama ndani ya koti langu, akaacha salamu zote. Akachanganya sukari na maji ya vuguvugu, akampaka kwenye ufizi kwa ncha ya kidole, kidogo kidogo, huku akimsugua kwa kitambaa. Alipoanza kujikunja-kunja, akampeleka kwa jike mmoja mweupe aliyekuwa na watoto wake, akamsogeza tumboni. Yule jike akamnusa. Akamnusa tena. Halafu akalaza kichwa chake, na tukasikia mtoto ananyonya. Nikaketi kwenye ngazi.

Hapo ndipo directrice akanigeukia.

“Papa, uliona mama yake?”

“Apana, maman.”

“Na bibi yako, ulimuoa bila kuona mama yake?”

Furaha akageuka kutazama ziwa ili asicheke mbele yangu. Kweli, ndugu zangu, kabla ya kumposa Nabintu nilikwenda kwao Kabare na wajomba wawili, tukakaa siku nzima tukimwangalia mama yake: anavyotembea, anavyojibu jirani, kama nyumba yake inafagiwa. Kwetu ndivyo inavyofanywa. Na mimi niliyejua hayo yote nilinunua kiumbe ndani ya mfuko, barabarani, kwa sababu ya kicheko.

Akainua mguu wa yule mweusi. “Angalia hii mukono. Hii itakuwa mbwa ya kulinda depo. Iko kadogo juu iko mutoto.” Kisha akanionyesha wake. Nikawaona mama na baba, wazima, wanene kidogo, wananikaribia bila kuogopa. Nikaona mahali wanapolala pakavu. Akaniambia watoto hawaondoki hapo mpaka waache kunyonya na wajue kula wenyewe, na kwamba atakayeshindwa kumtunza mbwa wake amrudishe kwake, asimtupe wala kumpa mtu mwingine. Akaniamuru nije kila siku kumlisha mgonjwa wangu. Sikuombwa, niliamriwa.

Nikaja. Kutoka Bagira kwa miguu, mchana baada ya mchana. Wakati wa uji ulipofika, akanipa sufuria akasema, “Onja kwanza, isibaunguze.” Nikaonja. Nikaonja tena. Nilipotazama, sufuria ilikuwa imefika nusu na watoto wa mbwa walikuwa wananikodolea macho. Directrice aliona. Alikwenda kupika mwingine, na tangu siku hiyo alipika mwingi zaidi.

Katika wale weupe kulikuwa na jike mdogo kuliko wote. Siku moja alipanda kiganjani mwangu, akazunguka, akalala. Mkono huu umeshika usukani na magurudumu na spana maisha yake yote, na ulikuwa haujawahi kushika kitu chepesi namna ile. Nilimpenda. Sina namna nyingine ya kulisema. Nikamwomba directrice anipe.

Akaanza kuniuliza. Nani anakaa nyumbani mchana? Mimi. Atalala wapi? Karibu na kitanda. Unajua hawa wadogo wanakula kidogo, mara nyingi, na wakikaa na njaa wanaanguka, kwa hiyo sukari isikose nyumbani? Nimeona kwa macho yangu. Akaitikia kwa kichwa kila jibu, nami nikajiona nimefaulu mtihani. Kisha akasema:

“Hizi mbwa zinaishi myaka mingi, papa. Weye utakuwa pale?”

Ndugu zangu, nilimtazama yule mtoto aliyelala kiganjani. Mtu akikuuliza habari za afya unajibu. Lakini yule mama hakuuliza afya. Nikamwambia ukweli: “Miye ninangojea tu, maman.”

Akanyoosha mkono, akamwondoa mtoto kiganjani mwangu taratibu, asimwamshe, akamrudisha kwa mama yake. “Mutu mwenye anangojea kufa,” akasema, “sitamupatia mutoto.”

Nilitoka nimekasirika. Njia yote ya Bagira nilimjibu kwa sauti, watu wakinipisha. Nani amemfanya hakimu? Si nitamlipa? Yule wa Kadutu hakunihoji! Na nilipojisikia nikimsifu yule wa Kadutu, nikasimama katikati ya barabara. Yule hakuniuliza kwa sababu hakujali kama mbwa atakufa, wala kama mimi nitakufa. Huyu aliniuliza kwa sababu alijali wote wawili.

Nikafika nyumbani mvua inapiga mabati. Nikapika bugali na ndagala, wale samaki wadogo wa ziwa, nikaketi, nikala mpaka nikamaliza. Kisha nikapiga magoti. “Baba,” nikasema, na safari hii sikukwama. Nikamwambia: Nabintu uko naye, umtunze. Siku zangu unazijua wewe. Lakini mimi naacha kungojea. Nikalia sana, ndugu zangu, na kilio kile hakikuwa cha mazishi. Kamba fulani ilikatika. Nilipoinuka niliona giza linaingia, nami nikawasha taa. Sikuwa nimeiwasha tangu afe.

Kesho yake nikanyoa ndevu, nikapita dispensaire kwanza, kisha nikaenda Nguba. Directrice alikuwa mlangoni.

“Umerudia?”

“Nimerudia, maman. Siku ni za Mungu, siwezi kukuapia. Lakini nitakuwa pale. Na siku Mungu ataniita, Furaha atamuchukua. Nimemuuliza, amekubali.”

Alinitazama kwa muda mrefu, kama alivyowatazama watoto wa watu miaka ile yote. Kisha akaingia ndani, akatoka na yule jike mdogo amemfunga katika kipande cha kitenge, akamweka mkononi mwangu. Macho ya directrice yalikuwa na maji. Furaha haamini, lakini mimi niliona.

Huyu wa kikapuni ndiye Sukari, mliyemcheka. Yule mweusi wa Kadutu analinda lango la Furaha; amefika kiunoni na mtu wa posta haleti barua bila kumwita mtu. Mimi nimerudi kanisani, nakula, suruali zimeanza kunibana, na kwaya imeniambia sauti yangu inafaa nje zaidi kuliko ndani. Utukufu ni kwa Mungu aliyenitafuta kupitia mwanamke mkali na mbwa wa gramu chache.

Ndugu zangu, namaliza. Anayekupa kitu chenye uhai bila kukuuliza chochote, mwogope. Na anayekuuliza mpaka inauma, usimkimbie. Yupo hapa ndani leo mtu anayengojea kama nilivyongojea mimi, amekaa vizuri, amevaa vizuri, wala jirani yake hajui. Wewe nakuuliza mbele za Bwana: utakuwepo? Usitafute maneno makubwa. Mwambie tu ndiyo, ukimwegemea yeye. Mimi nilimwambia nikiwa nanuka ndagala na mbwa hajapatikana bado, naye alinipokea hivyo hivyo.