Mama Aliyecheka Nyuma ya Kitambaa

Ndugu waombolezaji, familia za Sikaonga na Simbeye zinaomba utulivu wenu, tumsindikize mama yetu kwa kuyasimulia maisha yake jinsi yalivyokuwa.

Marehemu Fausta Nakaonga alizaliwa Ivuna tarehe 14 Juni 1969, mtoto wa pili wa Mzee Kasiani Sikaonga, maana kwetu binti wa Sikaonga huitwa Nakaonga, akakulia kwenye maji ya kisima cha nyumbani na maharage ya magadi, na meno yake ya ukubwani yakaota na madoa ya kahawia. Alisoma shule ya msingi hapohapo Ivuna, 1977 hadi 1983, ambako wenzake walimwita Kutu, wakimwuliza jana bati alilitafuna kwa mboga gani, na tangu hapo hakucheka bila kuziba mdomo kwa kitambaa.

Mwaka 1988 alianza kuuza mchele Mlowo, na tarehe 20 Oktoba 1990 alifunga ndoa na Bwana Gasper Simbeye wa Chapwa, wakajaliwa Judith, 1992, na Dennis, 1996.

Mwaka 2001 daktari wa meno alimweleza kwamba madoa yale yalitokana na floraidi iliyozidi katika maji na magadi, wakati meno yakijengeka. Mama alirudi akapiga marufuku magadi jikoni, na hapo hakukosea, ila na dawa ya meno akaitupa, kwa kuwa boksi lake liliandikwa floraidi, wanawe wakawa wanasugua kwa mkaa na chumvi, na Dennis alipofika miaka kumi na miwili alikuwa amekwisha kung'olewa magego manne. Ndipo alipofahamishwa kuwa kinachodhuru kikizidi, kikiwa kidogo hulinda, na wajukuu akawa anawapakia dawa kwenye mswaki mwenyewe, kiasi cha punje ya mchele, akiwasimamia mpaka wateme.

Mdomo wake mwenyewe hakumfungulia daktari tena. Machi 2025 aliumwa gego la chini, akaweka karafuu, akameza vidonge vya dukani, uvimbe akauficha kwa kitenge, na Judith alipomsihi alijibu kwamba kutu yake haendi kumwonyesha mgeni. Tarehe 29 alishindwa kumeza hata mate, tukamkimbiza hospitali, lakini usaha ulikwisha kushuka shingoni hadi kifuani, akafariki alfajiri ya tarehe 2 Aprili.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliompigania, majirani wa Chapwa, ndugu waliovuka mpaka kutoka Nakonde, Zambia, na wauza mchele wa Mlowo waliofunga vibanda vyao leo. Mwenye meno kama ya mama asingoje kama mama.

Picha iliyo juu ya jeneza ilipigwa Krismasi iliyopita bila yeye kujua, akiwacheka wajukuu wenye povu mdomoni, nayo ndiyo pekee tuliyoipata isiyo na kitambaa.

Pumzika kwa amani, Mama, na ucheke.