Betri Ishirini na Sita za Lazaro Chidosa

Mchungaji wetu, viongozi wa mtaa, wazee, ndugu na majirani mliokaa juani tangu asubuhi, familia inawaomba utulivu na uvumilivu, kwa kuwa historia hii ni ndefu kuliko zile mlizozoea kusomewa, na ndani yake kuna ukurasa ambao jana mchana baadhi yetu tulitaka kuuchana. Anayesoma ni Donati Yared Chidosa, mdogo wake marehemu, naye atasoma kama ilivyoandikwa.

Lazaro Yared Chidosa alizaliwa tarehe 14 Machi 1971 katika hospitali ya misheni Berega, mtoto wa tatu kati ya sita wa Mzee Yared Chidosa, mkulima na mzee wa kanisa, na Mama Natalia, ambao wote wawili walishatangulia. Alianza darasa la kwanza huko huko Berega mwaka 1980, akamaliza la saba mwaka 1986, akiwa wa kawaida kwa hesabu lakini hodari wa kufungua kila kilichofungwa kwa skrubu, kiasi kwamba redio ya nyumbani ilipokosekana mezani, baba hakuuliza kama kumeingia mwizi, aliuliza Lazaro yuko wapi.

Mwaka 1988 alikwenda chuo cha ufundi mjini Morogoro, akasomea umeme wa magari kwa miaka miwili, na huko alifundishwa jambo ambalo mafundi betri wengi wa rika lake walilishika kama amri ya kumi na moja, kwamba betri ikishakufa kabisa unaichimbia shimo, unaimwagia majivu ya kutosha ili yapooze asidi, unarudishia udongo, unanawa mikono na kuendelea na kazi. Ilikuwa elimu ya betri za zamani, zile nyeusi za risasi na asidi, na hata kwa hizo haikuwa elimu nzuri, lakini ndiyo aliyopewa, nayo ndiyo iliyokuja kumponza.

Mwaka 1990 alifungua kibanda cha kuchaji betri hapa Kilosa, karibu na stesheni, na kwa miaka thelathini na moja alichaji betri za redio, za teksi, za mashine za kusaga na za bodaboda, akajulikana mji mzima kwa suruali zake, kwa maana hakuwa na hata moja isiyotobolewa na asidi. Tarehe 28 Septemba 1996 alifunga ndoa takatifu na Yusta Tomasi, naye Yusta hupenda kusema kwamba aliolewa na fundi akageuka kuwa fundi cherehani, maana alitia viraka tangu fungate. Mungu aliwajalia watoto watatu, Raheli aliyezaliwa mwaka 1997, Tomasi mwaka 2001, na Debora mwaka 2008, wote wako hapa mbele yenu.

Mwezi Juni mwaka 2021 marehemu aliajiriwa Mikumi, kwenye kambi moja ya watalii nje ya hifadhi iliyokuwa imenunua magari manne ya umeme, kazi yake ikiwa kuyachaji, kuyapima na kuyatunza. Wale waliokaa naye wakati ule wanajua jinsi alivyofurahi. Kila aliporudi Kilosa aliwahadithia watu kwamba kuna gari linapita karibu na tembo na tembo haachi kula, halina moshi, halina mlio, na mtu anayelifuata nyuma havuti hewa chafu, akamwambia mdogo wake, "Donati, maisha yangu yote nimenuka asidi na dizeli, sasa naenda kustaafu nikiwa msafi." Hakuwa anatania. Aliamini kabisa kwamba ameshiriki jambo jema, na familia inaamini hivyo hivyo mpaka leo.

Lakini betri hufa, hata ya gari safi. Mwezi Mei mwaka 2023 betri za magari mawili zilichoka, na zilipofunguliwa zilitoa vipande sitini na vinne, kila kimoja kikubwa kama tofali la kuchoma. Waliouza magari walikuwa wameahidi kuzichukua wenyewe, lori likangojwa wiki hadi wiki, halikuja, na mwishowe msimamizi wa kambi alimwita marehemu akamwambia, "Mzee Lazaro, wageni wa Juni wanakaribia, hivi vitu sitaki kuviona hapa, wewe ni fundi, vitafutie mahali." Marehemu alivitafutia mahali. Alivipakia kwenye Fuso, akavileta Kilosa nyumbani kwake, na kuanzia hapo hewa ya Mikumi ikabaki nzuri kwa wageni, na mabaki yake yakawa ya mtaa wetu.

Haki isemwe pia. Katika vile sitini na vinne, thelathini na nane vilikuwa bado vina uhai, naye aliviunganisha upya akatengeneza taa za nyumbani, na wapo hapa watu ambao watoto wao walisomea mtihani kwa taa hizo. Vilivyobaki, ishirini na sita, vilikuwa vimevimba na havina faida. Karatasi iliyokuja navyo ilikuwa kwa lugha asiyoijua, ila ilikuwa na picha ya pipa la taka lililokatwa kwa mistari miwili iliyopishana, na marehemu akaielewa kwamba visitupwe jalalani, akatii. Alivichimbia shimo nyuma ya nyumba yake, akavimwagia viroba vitatu vya majivu kama alivyofundishwa mwaka 1989, akafukia. Shimo lile lilikuwa hatua ishirini kutoka kisima cha pampu cha mtaa.

Mnakumbuka mvua za Januari 2024 na jinsi mto Mkondoa ulivyotoka kwenye kingo zake ukaingia majumbani. Siku ya Ijumaa tarehe 19 Januari, maji yalipoanza kushuka, marehemu alitoka uani saa nne asubuhi akakuta tope la pale kwenye shimo linachemka bila moto na moshi mweupe unatoka ardhini, harufu yake kali ikimkwaruza koo. Siku hiyo hiyo bata sita wa Mama Generoza, jirani yake, walikufa kwenye dimbwi lililokuwa upande wa shimo. Baada ya siku mbili watoto wanne wa mtaa walianza kutapika, mmoja wao Imani, mwenye miaka minne, binti wa jirani yetu Alex wa bodaboda, akalazwa.

Marehemu alijua. Familia haitaki kulizungusha neno hili. Alijua tangu siku ile ya kwanza, na alichofanya ni kumwambia mkewe asichote tena pampuni, akachote kwenye tangi la kanisa, na Yusta alipouliza kwa nini, hakujibiwa. Jumapili ya tarehe 21 alimweleza Donati, naye Donati, huyu huyu anayesoma, alimwambia, "Kaka, nyamaza. Wakijua watakuchomea nyumba na watoto wako ndani. Maji yakishuka, yote yatakwisha yenyewe." Alisema hivyo kwa kumpenda kaka yake, lakini alisema, na marehemu akamsikiliza. Watu wakaendelea kuchota.

Basi mtaa ulipokosa jibu ukajitafutia. Familia za wafugaji zilikuwa zimehamisha mifugo yao upande wa juu kukimbia mafuriko, na mtu mmoja akasema aliwaona wakiogesha ng'ombe, na neno likatoka kinywani kwenda kinywani mpaka likawa ushahidi, kwamba dawa ya kuogeshea ng'ombe ndiyo iliyoingia kisimani. Hatuna haja ya kuwaeleza watu wa Kilosa neno la namna hiyo kati ya wakulima na wafugaji huishia wapi. Vijana walipanga kukutana Jumamosi tarehe 3 Februari, saa tatu asubuhi, kwenye uwanja wa mnada, waende kuwaondoa wafugaji na ng'ombe wao, na kila aliyekwenda alijua marungu na mapanga hayakubebwa kwa ajili ya mazungumzo. Upande wa pili, Mzee Koisenge, mkubwa wa wafugaji hao, na wanawe nao walikuwa wamesikia, na hawakukimbia.

Yusta anasema asubuhi ile mumewe alivaa, akavua, akavaa tena. Saa mbili na nusu alikwenda uani na jembe, akachimba juu juu, akapata kipande kimoja kilichoungua nusu, akakiweka kwenye toroli na kulisukuma kuelekea uwanjani. Hakumuaga mtu. Donati alikutana naye njiani, akashika toroli kwa mbele, akamwambia arudi, na marehemu akamjibu kwa Kikaguru, maneno ambayo kwa Kiswahili ni kwamba, mdogo wangu, nipishe, ulinipenda vibaya.

Aliwakuta watu kama mia na hamsini, wengi wao mko hapa, na wafugaji wamesimama mita chache mbele, fimbo mkononi. Alilisukuma toroli mpaka katikati, akavua kofia, akawasalimu wazee wa pande zote mbili shikamoo, hata wale aliowazidi umri. Akasema, "Ng'ombe hawana kosa. Sumu ni yangu. Nimezika betri za magari ya umeme nyuma ya nyumba yangu, ishirini na sita, na nimejua kwa siku kumi na tano, na mke wangu nilimkataza maji hayo, ninyi sikuwakataza." Alex alimfikia wa kwanza, akamkaba shati, akamwinua, akamuuliza, "Mwanangu alikuwa anakunywa, wewe unaniangalia?" Marehemu akasema, "Ndiyo." Aliyemshika Alex mkono ni Mzee Koisenge, aliyekuwa amekuja pale kupigwa, naye alisema, "Mwache, mwanangu. Ukimuua huyu, nani atatuonyesha zilipo?"

Hivyo ndivyo siku ile ilivyokwisha bila damu. Watu wa maji walikuja Jumatatu wakaifunga pampu, na watoto wote wanne, tunamshukuru Mungu, walipona. Marehemu alianza kuchimba Jumamosi ile ile mchana, akiwa amejifunga kanga ya Yusta puani, na kwa siku mbili alichimba peke yake, kwani hakuna aliyetaka kumsogelea, halafu siku ya tatu Alex alikuja na sepetu, hakusalimia, akaanza kuchimba upande wa pili. Jumanne tarehe 6 Februari kipande kimoja kililipuka ndani ya shimo, na marehemu akamsukuma Alex nje, yeye akabaki katika moshi ule muda wa kutosha kusali Baba Yetu nzima. Walitoa ishirini na moja, pamoja na kile cha toroli na mabaki ya kilicholipuka, wakavihifadhi kwenye mapipa ya chuma yenye mchanga mkavu, mpaka kampuni moja ya Dar es Salaam ilipokuja kuvichukua mwezi wa nane.

Kule Mikumi aliandika barua tatu akiomba kambi isaidie kusafisha, akajibiwa kwamba alivichukua kwa hiari yake, na tarehe 1 Machi 2024 akaachishwa kazi. Tangu hapo kifua hakikumpa nafasi. Alitibiwa hapa Kilosa, kisha Morogoro, kisha Berega, na madaktari walieleza kwamba mapafu yake yamepata makovu, ila hawakuweza kuapa kama ni ule moshi au ni asidi ya miaka thelathini, na sisi hatuwezi kuapa kwa niaba yao. Hata hivyo kila alipopata nafuu alitoka na nondo, akichoma ardhi hatua kwa hatua kutoka uani kwake kuelekea mtoni, kutafuta vile vitano vilivyobebwa na maji, akavipata vitatu. Alilazwa mara ya mwisho Berega tarehe 29 Mei mwaka huu wa 2025, akafariki Jumanne tarehe 10 Juni, saa nne na dakika arobaini asubuhi, akiwa na umri wa miaka hamsini na minne. Ameacha mjane, watoto watatu na mjukuu mmoja.

Jana, tulipokaa kupitia karatasi hii, wapo waliosema marehemu hasemwi vibaya, tuandike kwamba aliugua kifua, basi. Yusta akasema, "Mimi ndiye niliyekunywa maji ya kanisa. Someni." Na Raheli akasema tukiutoa ukurasa huo atausoma yeye mwenyewe, amesimama juu ya jeneza.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wote waliomhudumia, Mchungaji na kwaya, mafundi wenzake wa stesheni waliotengeneza jeneza, majirani waliopika, Alex aliyekuwa akimpeleka hospitali kwa bodaboda yake bila kuombwa, na wana wa Mzee Koisenge, ambao ndio waliochimba kaburi hili. Tusiowataja watusamehe.

Lakini kuna vipande viwili bado viko ardhini, kati ya uani kwake na Mkondoa, na juu yake ndiko tunakolima mahindi na mchicha tunaokula. Kwa hiyo familia inatangaza kwamba tanga hili halitaanuliwa siku ya tatu kama ilivyo desturi. Kesho saa moja asubuhi Donati ataanza kuchoma ardhi kwa nondo pale kaka yake alipoishia, na tutalala matangani mpaka vyote viwili vipatikane, na ambaye shamba lake liko kwenye njia hiyo asichimbe peke yake, atuite.

Kaka Lazaro, wewe umeshasema yako yote mbele za watu. Mungu akupe amani, pumzika. Viwili vilivyobaki ni vyetu.