King'ora cha Mama Mlinzi

Mpishi aliyekaa nyuma ya fundi bomba na mlinzi kwenye chombo cha abiria cha kituo cha anga hakuwa na haja ya kutega sikio, maana fundi alikuwa akifoka. “Dada, kumbe wewe ndiye uliyepiga king'ora cha hatari jana! Nilitoka bafuni na vazi la anga, povu kichwani!”

“Ulipendeza,” alijibu mlinzi, mtoto mapajani. “Huyu kazaliwa hukuhuku angani. Madaktari walisema mifupa yake haitambeba kamwe. Jana katembea! Ningemnong'oneza nani?”

“Mkuu wa kituo anataka umwombe radhi, la sivyo kazi huna.”

“Ndiko ninakokwenda.”

Mpishi akajifuta macho, akasingizia vitunguu ambavyo hakuwa navyo.

Chombo kikasimama. “Basi mwombe yaishe, dada,” fundi akasihi.

Mlinzi akamteremsha mwanawe ashuke kwa miguu yake mwenyewe. “Siombi. Nakwenda kumwonyesha anavyotembea.”