Siku Niliyokataa Kuanguka

Mwakeye, ndugu zangu. Wazee, shikamooni. Nimesimama kuwaeleza jinsi nilivyoanguka, na msicheke, maana kuanguka ndiyo kazi yangu. Mimi ni mcheza mieleka ya maonyesho pale Gungu. Ulingoni naitwa Bosi: suti, poda usoni, kioo mkononi. Nawaambia watu, "Dagaa wenu wananuka!" Wananizomea mpaka sauti zinawakauka. Halafu anaingia mwenzangu, Mgebuka, shujaa wa ziwani, ananibeba juu na kunibwaga. Nakimbia peku, viatu mkononi. Hadithi hiyo tuliitunga sisi wawili, na Bosi asipoanguka hakuna hadithi.

Sasa, Jumamosi moja natupa macho mbele, nani amekaa? Mama mkwe! Katoka Kidahwe na kitenge kipya. Ndugu zangu, nawaambia! Mkwe mzima anione nikibwagwa miguu juu? Mgebuka akanishika, akaninong'oneza, "Ruka." Ndiyo ishara yetu, maana anayebebwa lazima aruke. Sikuruka. Nilijikaza, nikampindua yeye. Akaangukia bega, nikalisikia likilia.

Watu walizomea tu, wakidhani ni mchezo. Lakini mwenzangu ni fundi mwashi, na kwa miezi mitatu hakuweza kuinua hata karai. Nikawa nazunguka njia ya Katubuka nisipite kwake. Nilijiambia ni bahati mbaya. Uongo mtupu.

Aliyenivunja ni mama mkwe mwenyewe. Aliniita, akasema, "Mwanangu, mke wako aliniambia hakuna anayeanguka vizuri kama wewe. Nilikuja kuona hilo tu. Mbona ulininyima?"

Nililia, sioni aibu kusema. Kesho yake nikaenda kwa mwenzangu. Sikujitetea. Akasema, "Nilikwambia ruka."

"Ulisema."

"Basi. Bega likipona, utaruka."

Limepona. Jumamosi iliyopita aliniambia neno lile lile, na mkwe alikuwa pale pale mbele. Niliruka. Nilipogonga chini nilimsikia akicheka kuliko wote, anafuta machozi kwa upindo wa kitenge.

Namshukuru Mungu, namshukuru mke wangu, na mkwe. Na wewe uliyekaa huko nyuma, jina silitaji, uliyekubali kunibeba tena, asante sana. Funzo langu ni dogo: mkishapatana, mwenzako akisema ruka, ruka, hata kama mkwe amekaa mbele.