Mjane Mwenye Spika na Bendi ya Metali ya Kakuma

Wale wa Bwana asifiwe, nimewasikia. Wale mnaosalimu kwa Kiturkana, ejok na kwenu. Mwenyekiti wa kikundi amenipa dakika kumi, na vile mnanijua kazi yangu ni vipaza sauti, hata akizima hiki bado mtanisikia.

Nitawaambia jinsi nilivyoanguka na jinsi nilivyoinuka. Kuna mahali mtacheka. Chekeni tu.

Mimi na mume wangu tulikuja hapa Lodwar kutoka Kakamega, tukaanza kazi ya kukodisha vyombo: spika, jenereta, maikrofoni. Harusi, mazishi, mikutano ya injili, yote tulikuwa tunafanya. Yeye alipanga spika na kuvuta nyaya. Mimi nilikaa kwenye mikisa, ile mashine yenye vidude vingi ya kuchanganya sauti. Watu walishangaa kuona mwanamke ameketi hapo. Yeye aliwajibu, "Mimi nina mikono, huyu ana masikio."

Mwanzoni mwa mwaka wa 2012 mikisa iliharibika, na fundi wa karibu alikuwa Kitale. Mume wangu alikuwa na homa. Akasema, "Wacha nipumzike wiki moja." Mimi nikamwambia tuna mkutano Jumapili, nenda tu. Ndugu zangu, nawaambia, hilo neno "nenda" ni dogo sana, lakini mimi nimelala nalo na kuamka nalo.

Alienda. Mashine ikatengenezwa. Akiwa njiani kurudi, gari lilipinduka mbele kidogo ya Kalemng'orok. Polisi waliniletea nguo zake kwenye mfuko, na sanduku la mikisa likiwa limebonyea pembe moja. Nililisukuma chini ya kitanda bila kulifungua.

Baada ya mazishi, sauti ikawa adui yangu. Nilikuja kanisani, ngoma zikianza natoka nje. Mwishowe nikaacha kuja. Mtu akitaka kukodi spika namwambia zimeharibika. Dada yangu alikuja akawachukua watoto wangu wawili, akaenda nao Kakamega. Na nitasema ukweli mbele zenu, Mungu anisamehe, nilifurahi walipoondoka, kwa sababu hakuna mtu angeniuliza tena kama nimekula. Nilikaa siku nne bila kuoga. Akina mama wa kikundi hiki mlikuja na uji, mkabisha hodi, nikanyamaza kama nyumba haina mtu. Mkafagia uwanja wangu mkaenda, na kesho yake mkarudi tena. Niliwasikia. Sikuamka.

Sasa sikilizeni. Alasiri moja nasikia hodi, na huyo anayebisha haondoki. Nikafungua ili nimfukuze. Nakuta msichana mrefu kutoka Sudan Kusini, na kijana wa Kikongo ana gitaa limefungwa kwenye gunia la unga.

"Ejok, mama," msichana akasema. "Tumetoka Kakuma. Tunakutafuta wewe."

"Mnataka nini?"

"Sisi tunafanya metali."

Nikamwambia, "Kama ni vyuma chakavu, mnunuzi yuko nyuma ya soko."

Yule Mkongo alicheka mpaka akashika ukuta. Akatoa gitaa kwenye gunia, akaanza kupiga, haraka sana, kama mtu anayekimbizwa. Msichana akafumba macho akafungua mdomo. Jamani, kumbe metali ni muziki, lakini kule hakukuwa kuimba ninakokujua. Kulikuwa kunguruma, sauti inatoka tumboni kabisa. Kuku wa jirani walitawanyika. Jirani mwenyewe akachungulia juu ya ua akiwa ameshika mwiko.

Alipomaliza nikamuuliza, "Kwa nini unapiga kelele namna hiyo, mwanangu? Nani amekukosea?"

Akasema, "Mama, mimi ni mkalimani pale kliniki ya kambi ya wakimbizi. Kutwa nzima nasema uchungu wa watu wengine, tena kwa sauti ya chini. Jioni nasema wangu."

Niliwaruhusu wakae.

Wakanieleza. Bendi yao ina watu wanne: hao wawili, mpiga gitaa la besi ambaye ni Mturkana wa Kakuma mjini, na mpiga ngoma, Mkongo pia. Huyo mpiga ngoma alikuwa amepata barua ya kuhamishiwa ng'ambo, na alibakiwa na majuma sita. Walitaka kufanya tamasha moja kwenye uwanja wa mpira, lirekodiwe, litoke kwenye DVD.

"Kambini watu wanaondoka," msichana akasema. "Leo mko pamoja, kesho mmoja yuko Kanada. Tukingoja, tutabaki kusema tu kwamba zamani tulikuwa na bendi. Hii tunataka tuishike mkononi."

"Wenye spika ni wengi. Kwa nini mimi?"

"Wengine wanasema ni muziki wa shetani. Na kuna mmoja akatuambia kwamba sauti kali kama yetu inamhitaji yule mama mwenye masikio."

Nikawaambia hapana. Wakashukuru, wakaenda.

Baada ya siku tatu msichana akarudi, peke yake. Na ile barabara ya Kakuma mnaijua ilivyokuwa: vumbi, mashimo, magari yanangoja askari wa kuyasindikiza. Amevumilia hayo yote kuja kuambiwa hapana mara ya pili. Nilikasirika, na katika kukasirika nikamwambia jambo ambalo sikuwa nimemwambia mtu, hata pasta. Nikasema, "Mimi ndiye niliyemtuma mume wangu kwa sababu ya hizi spika. Alikuwa mgonjwa, nikamwambia nenda. Unataka nizishike tena?"

Akasema polepole, kwa Kiswahili chake cha kambini, "Mama, wewe ulimtuma alete mashine. Hukumtuma afe."

Ndugu zangu, watu walikuwa wameniambia ni mapenzi ya Mungu, nijikaze, muda utaponya. Walisema kwa upendo. Lakini hakuna aliyekuwa amegusa mahali panapouma, kwa sababu sikuwa nimemwonyesha mtu mahali penyewe. Nililia mbele ya yule mtoto wa watu mpaka leso ikalowa. Hakuniambia nyamaza. Nilipomaliza nikapiga magoti nikavuta sanduku, tukalifungua pamoja. Vumbi la barabara bado lilikuwa kwenye vidude. Nikachomeka kwenye umeme. Taa ndogo nyekundu ikawaka.

Nikasema, "Sawa. Niambie uwanja ni mkubwa kiasi gani."

Nisiwadanganye kwamba nilipona pale. Ile safari ya lori kwenda Kakuma nilishika ubao kwa mikono miwili, kila mara lori likiinama nasema Yesu. Lakini tulipofika kulikuwa na kazi, na mtu mwenye kazi hana nafasi ya kukaa chini. Wakubwa wa kambi walikuwa wametupa ruhusa mpaka saa kumi na mbili jioni, basi. Nikapanga spika mwenyewe, nikavuta nyaya mwenyewe. Nilimpata mpiga picha wa harusi, akaja na kamera mbili. Mimi nikaunganisha kinasa sauti kwenye mikisa, ndivyo nilivyozoea.

Watu wakajaa. Wasomali, Wakongo, Wasudan, Waturkana wa mjini, akina mama na watoto mgongoni. Wengine walikuja kushangaa tu. Bendi ikaanza, na mimi nikiwa na vidole juu ya vile vidude nikasikia mwili wangu umekumbuka. Gitaa limezidi, nashusha. Sauti ya msichana inazama, naipandisha. Nusu saa nzima sikufikiria kifo.

Ndipo upepo ukaja, ule wa vumbi mnaoujua. Katikati ya wimbo mkubwa kuliko zote, jenereta likakohoa, likazima. Spika kimya. Gitaa kimya. Msichana amesimama na maikrofoni iliyokufa.

Nilifikiri, basi, ndiyo hii. Hata hii nimeiharibu.

Lakini mpiga ngoma hakuacha. Ngoma haihitaji umeme. Akaendelea kupiga, na msichana akaweka maikrofoni chini, akanguruma kwa koo lake tupu. Mama mmoja wa Kiturkana mwenye shanga mpaka kidevuni akaanza kuruka, kule kuruka kwa ngoma zao, wima, juu na chini. Wenzake wakamfuata. Kisha vijana wa Sudan, ambao kuruka ni kwao pia. Kidogo kidogo uwanja mzima ulikuwa unaruka, na ardhi ikawa inatoa mdundo wake.

Mimi sikuona mengi. Nilikuwa kwenye jenereta. Nilifungua chujio la hewa, likiwa limejaa vumbi, nikalisafisha kwa upindo wa leso yangu, nikalirudisha, nikavuta kamba. Mara ya kwanza, kimya. Mara ya pili, kimya. Mara ya tatu likanguruma. Gitaa likarudi likiwa katikati ya ule mruko, na ile sauti iliyotoka kwa watu, ndugu zangu, sijaisikia katika mkutano wowote wa injili, na nimefanya mingi. Nikajikuta nami nimefungua mdomo, mama mzima wa kanisa, napiga kelele kama yule msichana. Jina la mume wangu ndilo lilitoka. Hakuna aliyenitazama. Kila mtu alikuwa na lake.

Tulimaliza saa kumi na mbili kasoro, bila polisi kutuuliza kitu.

Sauti ya kamera ilikuwa na upepo mwingi, tukaiacha pale tu umeme ulipozima, lakini ile ya mikisa ilikuwa safi. Yule Mkongo wa gitaa alikuja Lodwar, tukakaa siku tano tukilinganisha sauti na picha, mdomo na neno. Mpiga ngoma alipanda ndege akiwa na nakala mbili za DVD begini. Nyingine zilifika Lokichoggio, zikafika Lokori. Madereva wa malori waliniuliza barabarani, "Wewe ndiye yule mama wa jenereta?" kwa sababu mpiga picha, mchokozi, alinichukua nikiwa nimeinama pale na leso mkononi.

Na mnakumbuka siku tulipoiweka DVD hiyo hapa hapa ukumbini. Pasta alikuwa na wasiwasi. Wimbo wa kwanza ulipoisha palikuwa kimya, mpaka bibi yetu mmoja akasema, "Huyu binti ana uchungu mwingi. Mpeni maji." Lakini ilipofika pale umeme unapozima, huyo huyo bibi alitaka irudiwe mara tatu.

Mwezi wa kwanza mwaka huu wa 2013 watoto wangu walirudi. Nimerudi kazini. Ninafundisha wasichana wawili kukaa kwenye mikisa.

Nawashukuru. Ninyi mliofagia uwanja wangu bila kuonana nami, kila asubuhi nilijua kuna mtu amepita. Pasta, uliogopa lakini ulitupa ukumbi. Dada yangu aliyelea watoto bila kunihesabia. Na yule binti wa kliniki, ambaye hakuniletea pole. Aliniletea kazi ambayo aliamini naiweza mimi, akarudi mara ya pili kuniomba.

Hilo ndilo ninalowaachia. Mwenye huzuni mpelekeeni uji, ndiyo. Lakini pia muombeni kitu. Kitu ambacho mikono yake inakijua.

Dada uliyekaa karibu na mlango, najua umekuja kwa mara ya kwanza tangu msiba wako, na najua unapanga kutoka kabla ya maombi. Nimeambiwa unashona vizuri kuliko mtu yeyote Lodwar, na cherehani umeifunika. Kwaya ya vijana haina sare. Jumatatu asubuhi ninakuja kwako na kitambaa cha watu kumi na wanane. Usipofungua nitarudi Alhamisi.