Wapishi Wawili, Meli Moja: Bi Vibanio Anashuka

Baada ya miaka thelathini na mmoja na miezi minne ya kuwapandisha watu melini na kuwashusha, Bi Vibanio anastaafu leo Ijumaa, tarehe 30 Juni, saa kumi kamili alasiri. Saa imetajwa kwa makusudi. Mara mbili alizotakiwa kustaafu, alikuja kwenye sherehe, akala keki, akashukuru kwa machozi, na Jumatatu tukamkuta mezani kwake anapiga simu. Safari hii mlinzi wa getini amepewa maagizo.

Kwa wageni wetu wa leo, kazi yenyewe ni hii. Kampuni ina meli kumi na nne, na hakuna hata moja inayosubiri mtu. Baharia akimaliza mkataba wake wa miezi tisa, mwenzake lazima awe amefika bandari ileile, siku ileile, na pasipoti, viza, cheti cha afya na begi lake. Meli ikiingia asubuhi, jioni imeshang'oa nanga. Bi Vibanio amepanga haya yote kutoka chumba cha ghorofa ya pili chenye dirisha moja linalotazama tangi la maji. Yeye mwenyewe hajawahi kupanda meli. Anasema anaogopa kutapika.

Jina alilipata kwa ubao wake. Una mstari mwekundu katikati: kushoto Baharini, meli kwa meli, kulia Nyumbani. Kila baharia ana kibanio chake cha nguo, cha mbao, kimeandikwa jina kwa kalamu, na huvushwa mstari kadiri mwenyewe anavyohama. Kompyuta zilipoletwa, Bi Vibanio alihudhuria mafunzo siku tatu, akafaulu vizuri, akapewa cheti. Alikibana ubaoni kwa kibanio.

Alikuwa na sheria moja tu: hashuki mtu kabla mwenzake hajapanda. Aliitumia hata kwa chakula cha mchana. Hukutoka kwenda kula mpaka aliyekutangulia amerudi, amekaa, na simu iko mkononi mwake. Wapo kati yetu waliopata vidonda vya tumbo kwa sheria hiyo, lakini simu haikuwahi kulia bila kupokewa.

Alikuwa pia na uongo mmoja. Mke wa baharia akipiga simu kuuliza mumewe atafika lini, Bi Vibanio alitaja siku mbili baada ya siku yenyewe. Ndege ikichelewa, hakuna anayelia. Isipochelewa, mtu anapata mume kabla ya wakati. Matokeo yake tunayajua. Kuna fundi wa mitambo aliyefika kwake Jumapili akitarajiwa Jumanne, akamkuta mama mkwe wake amelala kitandani pake, amevaa soksi zake. Kuna mwingine aliyekuta nyumba inapakwa rangi na makochi yote yako nje uani. Marehemu mume wangu, aliyekuwa mpishi wa meli na aliyeitwa Mrefu na kila mtu, alinigongea mlango Jumanne nami namngoja Alhamisi. Nilimfungulia nywele zikiwa zimesukwa upande mmoja tu. Alinikumbusha upande ule kila alipokosa la kusema.

Huyo Mrefu ndiye aliyehusika na kosa kubwa kuliko yote katika kazi ya Bi Vibanio. Ilikuwa mwaka wake wa kumi na nne. Meli zetu mbili zilitia nanga bandari moja, na kila moja ilihitaji mpishi mpya. Bi Vibanio akafungua dirisha, upepo ukaangusha kibanio cha mpishi wa pili, tunayemwita Kipara. Akakiokota, akakibana, akaendelea na chai yake. Alikibana kwenye meli isiyo yake. Meli moja ikaondoka na wapishi wawili, nyingine ikaondoka bila mpishi, na bandari iliyofuata ilikuwa mbali siku kumi na tisa.

Wahenga walisema manahodha wengi, chombo huenda mrama. Kuhusu wapishi hawakusema kitu. Mrefu na Kipara walichora mstari wa chaki katikati ya jiko, mmoja akachukua asubuhi, mwingine jioni, na kila mmoja akaapa kumwaibisha mwenzake. Mabaharia walikula mara tano kwa siku. Ovaroli la fundi mkuu lilipasuka mgongoni. Nahodha akaandika barua: “Tumeona kosa lenu. Tafadhali lirudieni.” Kwenye meli ya pili walipika kwa zamu, na barua yao ilikuwa fupi zaidi: “Maharage siku kumi na tisa. Aliyefanya hivi tunamjua.” Bi Vibanio alizibandika zote mbili ukutani, juu ya meza yake, moja kushoto, moja kulia, akaacha nafasi katikati.

Nafasi ile ilikaa tupu miaka sita.

Kila Jumatatu alikuwa akipiga simu melini, na akimpata Mrefu humuuliza kuna nini sufuriani. Hilo lilikuwa kosa, kwa sababu Mrefu akiulizwa hivyo hakuwa na breki. Ataanza na kitunguu, ataeleza alivyokikata, na robo saa baadaye bado hajafika kwenye nyama. Jumatatu moja, akiwa mwezi wa tano wa mkataba, alijibu, “Chakula tu, mama.”

Bi Vibanio akarudisha simu mahali pake, akawaambia wenzake ofisini, “Yule mtoto anaumwa.”

Daktari wa bandari alikuwa ameshampima na kumpa vidonge vya kiungulia. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeongea naye siku moja kabla, akaniambia ni mzima wa afya. Meneja akasema, kwa haki kabisa, kwamba hamshushi mtu aliyebakiza miezi minne ya mkataba kwa sababu hakusifia mchuzi wake. Na sheria ya Bi Vibanio nayo ilikuwa palepale: mpishi wa kumpokea hakuwepo.

Alikuwepo mmoja tu, Kipara, aliyekuwa ndiyo kwanza ana siku kumi nyumbani. Bi Vibanio alimfuata kwake, akamkuta juu ya ngazi anaziba bati la paa. Akaishika ile ngazi, akamweleza. Kipara aliuliza swali moja, “Visu vyangu nilivyomwazima bado anavyo au kashavitia butu?” Kisha akashuka, akaenda kufunga begi. Bati alilimalizia shemeji yake.

Wiki hiyo meneja akaletewa ratiba na kuona meli moja ina wapishi wawili. Akamwita. Bi Vibanio alisimama mlangoni, mikono mbele, mpole kama maji ya mtungini.

“Bosi, upepo umeangusha kibanio tena.”

“Dirisha lako lina miezi mitatu halifunguki, Bi Vibanio. Niliandika mimi ombi la fundi.”

“Basi lazima ulikuwa upepo mkali sana.”

Akaongeza kwamba, kwa kuwa mpishi wa pili ameshapanda, na jiko ni moja, na barua ya maharage bado iko ukutani, itabidi mmoja ashuke. Mrefu akashuka.

Mimi sikuyajua yote haya wakati ule. Nilichojua ni kwamba Bi Vibanio alinipigia simu mwenyewe, akaniambia mume wangu atafika Jumatano saa nne asubuhi, na akafika Jumatano saa nne asubuhi. Ndipo nilipoelewa kwamba hali si nzuri.

Tulikaa naye wiki kumi na nne. Hakuweza kula sana, lakini aliweka kiti mlangoni pa jiko, akawa ananirekebisha chumvi kwa kunyanyua nyusi. Zisingekuwepo wiki hizo bila kibanio kilichoangushwa na upepo usiokuwepo.

Barua ya onyo aliyopewa Bi Vibanio kwa upepo huo, ya pekee kwa miaka thelathini na mmoja, aliiwekea fremu na kuitundika kwenye ile nafasi ya katikati. Meneja, ambaye leo ndiye atakayemkabidhi zawadi, ameomba mara kadhaa iondolewe. Ameambiwa inaziba ufa.

Baada ya matanga nilikuja hapa ofisini kurudisha sare za kazi. Bi Vibanio alipokea ule mfuko, akavuta kiti, akanipa simu. “Shika hii, nakwenda kula.” Nimeishika miaka kumi na mmoja. Kila alipoombwa kustaafu alijibu kwamba mpokezi wake hajapanda. Mwezi uliopita alinitazama nikigombana na wakala wa bandari kuhusu viza, akasubiri nimalize, akasema, “Huyu sasa kapanda.” Akaenda kuandika barua yake ya kustaafu.

Mwosha huoshwa, Bi Vibanio, na anayeshusha wenzake naye siku moja hushushwa. Mabaharia wako wanakushukuru, wake zao wanakushukuru zaidi, na yule mama mkwe wa soksi ameshakusamehe. Kipara, ambaye sasa ana mgahawa wake, anasema meza ya pembeni ni yako daima na maharage hayatakaribia. Tunakuombea afya, usingizi mrefu na siku zisizo na ratiba.

Kibanio cha Mrefu kipo bado ubaoni, upande wa Nyumbani. Hukukiondoa, na mimi sikiondoi. Chako nimekiandika jana. Saa kumi kamili nitakivusha mstari, nikibane pembeni yake, na sheria itakuwa imefuatwa.

Mzee wako nyumbani naye nimempigia simu. Aliuliza utafika lini. Nimemwambia Jumapili.